Bosi Alinipa Funguo za Gari la Serikali, Mahakamani Akasema Alikuwa Ananitania

Ndugu wasomaji, mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, mkazi wa Ipuli hapa Tabora mjini, baba wa mapacha, muumini wa Moraviani na mpiga ngoma wa kwaya. Nimewahi kulala rumande kwa kuendesha gari ambalo niliambiwa niliendeshe. Aliyeniambia alikuwa amelala kwake, kwenye godoro.

Nawaandikieni nikiwa nacheka kidogo. Mimi nimeumbwa hivyo, hata msibani hunitoka. Lakini ninayoyaeleza si ya kucheka... Kuna mama mmoja wa Ziba leo anatembelea magongo.

Kidato cha nne nilimaliza ukubwani, kwa masomo ya jioni. Mchana niliuza vipuri vya baiskeli, jua likizama nakwenda darasani kukaa na watoto wa rika la wanangu. Mwalimu wa jiografia, kijana mdogo kabisa, alikuwa ananiamkia shikamoo kwanza, kisha ndipo ananiambia nimekosa. Matokeo yalipotoka na jina langu likaonekana, nilishangilia mpaka ng'ombe wa Uyui nzima wakageuza shingo.

Lakini cheti unakipeleka wapi? Ajira zilikuwa hakuna. Nikafanya kama wanavyofanya wasomi wengi siku hizi, nikaenda kujitolea. Mnajua maana yake. Unapiga pasi kila asubuhi, unafanya kazi ya mtu na nusu, na unamwomba Mungu siku nafasi ikitangazwa, bosi akumbuke sura yako.

Ofisi niliyojitolea ilikuwa ya wakala mmoja mdogo wa serikali, jina lake nalifunika. Kazi yake ni kutunza njia ya zamani ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita Ugogo, ikaingia hapa Tabora na kugawanyika, moja kwenda Ujiji, nyingine ikipanda kaskazini kwenda ziwani. Tulikuwa tunasimika mawe ya alama, tunafyeka makaburi ya zamani na kukaa na wanavijiji wasilime juu ya historia.

Bosi alikuwa Bwana Chitemo, Mgogo wa Dodoma. Mimi ni Maganga, Mnyamwezi wa damu. Hapo ndipo shimo langu lilipoanzia.

Kwa msomaji asiyejua, Wagogo na Wanyamwezi ni watani. Babu zetu walipita kwao na mizigo kichwani, wao wakawatoza hongo, yaani ushuru wa maji, wakagombana, wakazoeana, wakaishia kutaniana mpaka leo. Mtani akikutukana hukasiriki. Akichukua kuku wako bandani humshtaki. Na kibaya zaidi, mtani akikwambia jambo, huwezi kukunja uso ukamwambia, "Hebu tuzungumze kwa uzito." Utaonekana huna adabu, umekataa undugu.

Siku ya kwanza tu aliponiona alisema, "Karibu mpagazi. Mzigo wako uko wapi?"

Nikamjibu, "Mzigo upo, bosi, ila nimeambiwa nisiuweke chini mahali penye Wagogo, utaombwa mpaka uishe."

Ofisi nzima ilicheka. Kuanzia siku ile nilikuwa mtu wake. Hakuniita Maganga tena. Kila agizo alilonipa lilikuja limevikwa utani. Kama ni kufagia, alisema, "Mpagazi, kambi ni chafu." Kama ni chai, "Mpagazi, wazee tumekauka, tafuta kisima." Nami nilifanya kila kitu mbio, huku nacheka. Nilijiona nimekwishaajiriwa, imebaki karatasi tu.

Dereva wa ofisi alipostaafu, nafasi yake haikujazwa. Gari lilikuwepo, tena Landkruza nyeupe yenye namba za serikali. Mimi leseni nilikuwa nayo, kwa kuwa niliwahi kuendesha pikapu ya shemeji yangu. Asubuhi moja, ofisi nzima ikiwepo, Bwana Chitemo alinitupia funguo juu ya meza akasema, "Chukua, mpagazi. Babu zako walibeba mzigo, wewe leo mzigo utakubeba."

Nikachukua. Wasomaji, nilivyokaa kwenye ule usukani! Nilinyoosha shingo mpaka nikadhani kofia itagusa paa. Nilipita Ipuli makusudi, japo haikuwa njia, ili majirani waone. Mke wangu, Mama Kulwa, alikuwa anaanika mpunga. Hakunipungia mkono.

Jioni aliniuliza, "Baba Kulwa, una barua ya kuendesha lile gari?"

"Bosi mwenyewe kanipa funguo."

"Sikuuliza funguo."

Nilimwona mwanamke wa wasiwasi. Lakini neno lake lilinikaa kifuani kama mfupa wa samaki. Baada ya muda nilijikaza, nikaingia ofisini kwa Bwana Chitemo mbele ya wenzangu, nikasema ningeomba barua ya kuniruhusu kuendesha, maana mimi si mwajiriwa.

Akavua miwani, akaangalia watu wote. "Mnamsikia huyu? Babu zake walikwenda pwani na kurudi bila barua. Yeye anataka barua ya kwenda Kigwa."

Wakacheka. Yusta wa masjala alicheka mpaka akafuta machozi. Na mimi je? Nilicheka kuliko wote... Ningefanyaje? Ningemnunia mtani wangu mbele ya ofisi nzima kwa sababu ya karatasi? Nikatoka na funguo mkononi, barua sina. Sikuomba tena.

Basi nikaendesha. Nilimpeleka yeye, niliwapeleka wageni, nilipeleka mawe ya alama huko porini. Hakuna aliyeniuliza.

Kisha breki zikaanza kuzama. Unakanyaga mara ya kwanza haishiki, unakanyaga ya pili ndipo gari linasikia. Nilimwambia Bwana Chitemo. Akasema, "Babu yako alikuwa na breki gani? Visigino. Fundi atakuja mwezi ujao, sasa hivi fungu hakuna. Wazee wa Ziba wanasubiri mawe yao."

Nami nikaenda Ziba.

Ilikuwa asubuhi njema, yenye jua. Nilikuwa peke yangu, nyuma nimepakia mawe ya alama. Nimeshavuka Nzega, nimeshaingia upande wa Igunga, nakaribia Ziba yenyewe. Mbele yangu ng'ombe wakaanza kuvuka barabara. Nikakanyaga breki. Haikushika. Nikakanyaga tena. Ilishika, lakini upande mmoja tu, gari likanivuta kushoto na uzito wa mawe ukalisukuma... Pembeni kulikuwa na mama anakokota baiskeli yenye gunia la michembe.

Sitaeleza nilichosikia. Nilishuka nikakuta viazi vikavu vimetapakaa barabarani na yule mama amekaa chini, anaangalia mguu wake kama anaangalia kitu cha mtu mwingine. Hakulia. Aliniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ng'wanawane, mwanangu, umenivunja."

Jina lake ni Mama Ng'washi. Ni mjane, mkulima, na huwafugia watu mbuzi. Vijana wa pale walitaka kunipiga, yeye mwenyewe akawakataza, akasema kwanza apelekwe hospitali. Akapelekwa. Baada ya siku chache mguu ule ulikatwa chini ya goti.

Kituoni polisi aliniuliza kwa upole, "Wewe ni dereva wa serikali?"

"Najitolea, afande."

"Kibali cha safari?"

"Sina."

"Barua ya kuruhusiwa kuendesha?"

"Sina. Bosi aliniambia kwa mdomo."

Akampigia Bwana Chitemo mbele yangu, simu ikiwa kwenye spika. Nilifarijika kusikia sauti yake. Nikajua sasa mtani ataongea.

Mtani aliongea. Alisema ofisi yake haina dereva wa jina hilo. Kuna mtu wa kujitolea, kazi yake ni usafi na kuhudumia chai. Kama alichukua gari, amelichukua mwenyewe.

Wasomaji, mliwahi kumwagiwa maji ya barafu mkiwa mmesimama juani? Nilisema kwa sauti, "Bosi, ni mimi, mpagazi wako." Simu ikakatika.

Nikafunguliwa mashtaka mawili. La kwanza, kuchukua gari bila idhini ya mwenyewe. La pili, kuendesha gari bovu kwa namna ya hatari na kusababisha majeraha. Nikawekwa ndani mpaka kaka wa mke wangu na mzee mmoja wa kanisa walipokuja kunidhamini. Mama Kulwa alipokuja kunipokea hakuniambia "nilikwambia". Alinishika tu kola ya shati, akaitengeneza. Ningeona nafuu kama angenitukana.

Kanisani kwetu walituelekeza kwa Bi. Consolata, Mkatoliki wa parokia jirani, msaidizi wa kisheria asiye na maneno mengi. Nilimweleza habari yangu kwa mbwembwe zote, akaniacha nimalize.

"Maganga," akasema, "kuna mambo mawili, usiyachanganye. Kosa la barabarani ni la aliyeshika usukani, awe mwajiriwa, awe wa kujitolea, awe malaika. Hilo utalibeba. Fidia ya yule mama ni jambo jingine. Fidia inapanda kwa mwenye gari, kama uliendesha kwa ruhusa yake na kwa shughuli yake. Wakithibitisha kwamba uliiba safari, wakala atanawa mikono. Yule mama atakudai wewe. Una nini?"

"Nina baiskeli."

"Basi atapata baiskeli. Mguu wa kuiendeshea hana."

Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe, nilikosa la kuchekesha.

Ndipo nilipoelewa. Si kifungo changu tu kilichokuwa mezani. Neno moja, "nilimruhusu" au "sikumruhusu", ndilo lingeamua kama Mama Ng'washi angekuwa na wa kumdai au angebaki na magongo yake na Mungu.

Nikarudi kwa wenzangu wa ofisini, wale waliokuwa wakicheka kila siku. Wote walikuwa wamepata uziwi. Yusta nilimkuta nje ya geti, nikamwambia, "Dada yangu, ulisikia kwa masikio yako ananipa funguo. Njoo useme hilo tu."

Akaangalia chini. "Kaka Maganga, nina watoto watatu na mkataba wangu unaisha. Nilisikia utani. Nikiulizwa, nitasema nilisikia utani."

Nilikwenda hospitali kumwona Mama Ng'washi. Mama Kulwa alikuwa amebeba uji. Nilimwamkia mgonjwa shikamoo, hakuitika. Aligeukia ukutani, kisha akauliza bila kunitazama, "Gari lile la nani?"

"La serikali, mama."

"Na wewe ni wa nani?"

Nilisimama pale kama mti uliokauka. Miaka miwili ya kupiga pasi na kukimbilia chai, na sikujua mimi ni wa nani.

Siku ya Bwana Chitemo kutoa ushahidi ilifika. Alivaa suti ya kijivu. Aliapa, akaulizwa na mwendesha mashtaka kama aliwahi kuniambia nichukue gari. Hakukana kabisa, ni mtu mwerevu. Alisema, "Mheshimiwa hakimu, mimi ni Mgogo, mshtakiwa ni Mnyamwezi. Sisi ni watani. Huwa ninamwambia maneno mengi. Siku ile nilisema kwa utani, akaondoka na gari kweli. Sikutegemea mtu mzima achukue utani kuwa amri."

Watu waligunaguna kwa kukubali. Hata hakimu, mama mmoja mkavu wa uso, aliinua kalamu, akaacha kuandika. Nikaona wanamsadiki, maana kila mtu mle ndani alikuwa na mtani wake.

Kisha nikaambiwa ninaweza kumuuliza maswali. Bi. Consolata alikuwa amenifundisha niulize machache na nisihutubie.

Nikamuuliza, "Bwana Chitemo, siku tulipokwenda kusimika jiwe la alama Kigwa, viongozi wa wilaya wakiwepo, wewe ulifikaje?"

"Kwa gari la ofisi."

"Aliendesha nani?"

Akapangusa miwani. Kijiji kizima cha Kigwa kilituona. "Wewe."

"Uliniambia maneno gani asubuhi ile?"

"Sikumbuki."

"Hukusema, 'Mpagazi, nibebe, leo mimi ni pembe ya ndovu'?"

Watu wakacheka. Na yeye akatabasamu kidogo, mazoea. "Huenda nilisema."

"Ulikuwa unatania?"

"Nilikuwa natania, ndiyo."

"Lakini ulipanda."

Akamgeukia mwendesha mashtaka. Hakimu akamwambia ajibu. Akasema, "Nilipanda."

"Na tukarudi na wewe umekaa mbele."

"Ndiyo."

"Sina swali jingine, mheshimiwa."

Nilipogeuka nilimwona Mama Ng'washi kwenye benchi la nyuma, magongo yameegemezwa ukutani. Alikuwa amekuja kutoka Ziba kusikiliza. Hakucheka na waliocheka.

Siku ya hukumu hakimu alisema mahakama haiwezi kuuita utani ule mzaha mtupu, ikiwa mwenye kuutoa alikuwa akipanda gari lilelile, mbele ya umma, likiendeshwa na mtu yuleyule. Alisema hiyo ilikuwa ndiyo njia ya ofisi ile ya kuagiza. Shtaka la kuchukua gari bila idhini likaanguka.

La pili halikuanguka. Nakumbuka kila neno la hakimu. "Mshtakiwa, ulijua breki ni mbovu. Ulimwambia bosi wako, vizuri. Lakini ukaliwasha. Kwenye usukani hapakuwa na mtani wala bosi, ulikuwa wewe. Mtu wa kujitolea anaweza kukataa kwa urahisi kuliko hata mwajiriwa, na wewe hukukataa."

Nikahukumiwa kufanya kazi za jamii na kufungiwa leseni. Nimefagia uwanja wa zahanati, nimechimba mashimo ya taka, majirani wa Ipuli wakipita na bajaji wananiangalia, walewale niliowapitia nikiwa nimenyoosha shingo. Ofisini sikurudi tena. Cheti changu kipo kabatini.

Bwana Chitemo hakufukuzwa kazi, wasomaji, msije mkadhani hadithi zote huisha kwa haki. Nilikutana naye karibu na stesheni ya treni, akiwa na mkewe. Alifungua mikono kama zamani. "Mpagazi! Bado upo hai? Nilidhani umerudi porini kurina asali."

Alikuwa anasubiri nimjibu. Majibu nilikuwa nayo, tena makali, yalijaa mdomoni. Nikayameza. Nikainamisha kichwa nikasema, "Shikamoo, Bwana Chitemo."

Mtani haamkiwi shikamoo, hata awe na mvi mpaka kwenye nyusi. Alielewa. Mkono aliouinua aliushusha taratibu. Mkewe alitutazama, mara yeye, mara mimi. Bwana Chitemo akasema, "Marahaba," kwa sauti ndogo, nami nikaenda zangu. Usiku ule nililia. Nilimlilia yeye, wasomaji, mwamini msiamini. Nilikuwa nimempenda yule mzee.

Mama Ng'washi amefungua madai dhidi ya wakala. Hayajaisha. Mawakili wa upande wa pili wamekwishasema kwamba mimi nilikuwa mtu wa kujitolea, si mtumishi, hivyo makosa yangu si yao. Hilo nalo litajadiliwa, na Bi. Consolata anasema hukumu yangu itasaidia, ila haahidi. Mimi ni shahidi wa mama. Mara ya mwisho nilipokwenda Ziba kumlimia, nilimwamkia kama kawaida yangu, akaniitikia. Kisha akasema, "Ukimaliza matuta hayo, mbuzi nao wanataka maji." Sijui kama amenisamehe. Sijamuuliza, na nadhani si haki yangu kuuliza.

Nawasihi nyinyi mnaojitolea maofisini, mahospitalini, mashuleni, mnaopiga pasi kila asubuhi mkisubiri kukumbukwa. Funguo si ruhusa. Kicheko cha bosi si ruhusa. Ukiambiwa uendeshe gari la serikali, uliza kwa uzito: mimi ni nani hapa, nani ameandika kwamba niendeshe, na nikimgonga mtu nani atasimama naye? Ukijua gari ni bovu, usiliwashe, hata kama nafasi ya ajira imetundikwa kwenye kioo.

Watakucheka, hilo nawaahidi. Watasema unajifanya msomi. Waache wacheke mpaka wachoke, na wewe kaa hapohapo kwenye benchi, funguo zikiwa mezani, mpaka mmoja wao akome kucheka na kuanza kuandika.